Vitabu vya Nguruwe Nilivyompa Sauti

Jumapili, 2 Machi

Mvua imeanza. Paa la jikoni linavuja palepale lilipovuja mwaka jana, nami nimeweka ndoo ileile. Baba Chiriku alipomrudisha mtoto jioni alisimama mlangoni akiitazama ndoo, halafu akalitoa lililomleta. Shule atakayoanzia Chiriku darasa la kwanza iko karibu na kwao. Kutoka kwangu ni mbali, na barabara ikijaa maji hapapitiki. Kwa hiyo wameonelea mtoto alale kwao Jumatatu mpaka Ijumaa, aje kwangu mwisho wa wiki. Yaani tugeuze ilivyo sasa, mimi niwe wa Jumamosi na Jumapili.

"Wameonelea akina nani?" nikauliza.

"Mimi na mama yake mdogo."

Nikamwambia tutaamua mvua ikiisha. Akasema sawa, ila mvua nayo huisha. Mtu niliyeachana naye kwa sababu hakuwahi kuwa na jibu la lolote, leo ana majibu. Amefundishwa.

Jumatatu, 3 Machi

Huyo mama mdogo, mkewe mpya, anasoma taarifa ya habari redioni. Mimi ni mkutubi wa chumba cha watoto, na kila Jumamosi asubuhi nawasomea watoto hadithi kwenye mkeka. Wote wawili tunakula kwa midomo yetu, ila wake unasikika mji mzima.

Hata kazini simkwepi. Chumba cha nyuma yuko fundi wetu wa kukarabati vitabu, tunamwita Gundi, na redio yake haizimwi. Saa saba mchana ikipigwa taarifa, Gundi anaweka brashi chini. "Mvua kubwa zinatarajiwa kuendelea," ikasema ile sauti leo, polepole, kila neno limeoshwa na kuanikwa.

"Mwanamke huyu," akasema Gundi, "hata akitangaza mafuriko unatamani yaje."

Hajui ni nani kwangu. Tangu leo kwenye daftari hili jina lake ni Sauti. La kwake alitaje mumewe.

Alhamisi, 6 Machi

Chiriku hana ubishi na kitabu chochote, mradi ndani yake pawe na nguruwe. Nguruwe mwenyewe hajawahi kumwona, na pengine ndiyo siri ya mapenzi haya. Namletea nyumbani vyote tulivyonavyo. *Mkia Umenyooka*, ambacho ukikisoma lazima uvute ule mkia hewani kwa kidole, la sivyo hakichekeshi. *Pua Yangu, Tope Lako*, ambacho unasema nusu ya kwanza ukanyamaza, mtoto anamalizia. *Nguruwe kwa Daktari wa Meno* simpendekezei mtu. Picha zake nzuri, lakini maneno yamejaa ukurasa mzima, na mtoto wa miaka sita hawezi kuitazama picha moja muda wote huo. Kitabu cha kusomewa kina pumzi zake, na mwandishi asiyejua hilo angeandika kamusi.

Lakini kipenzi chake ni *Kibonge wa Mwisho*. Nguruwe amezaa watoto wengi kuliko chuchu. Wa mwisho kuzaliwa ni kadogo kama kiatu, na ndiye aliyepewa jina la Kibonge. Kila ukurasa anajaribu kupenya, na kila ukurasa ndugu zake wanamwambia, "Hakuna nafasi!" Hapo mkeka mzima hupiga kelele. Mwishowe Kibonge anavuka ua, anamkuta nguruwe mwingine mwenye mabaka na chuchu moja tupu, ananyonya, anashiba, analala hapohapo.

Ndivyo kilivyoandikwa. Sivyo ninavyomsomea mwanangu. Tangu baba yake aoe, nikifika kwenye huo ukurasa nasema hivi: "Kibonge akanusa, akasema, huyu si mama yangu. Akarudi kwao, mama yake akajisogeza, nafasi ikapatikana." Chiriku bado yuko chekechea, anavuta silabi moja moja, hawezi kunikamata. Mara moja tu aliniuliza mbona kwenye picha mama ana mabaka. Nikamwambia ni matope. Kwa nguruwe hilo halina mjadala.

Kila msomaji huongeza chumvi kidogo. Basi na mimi nimeongeza.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Ndoo imejaa mara mbili.

Jumatano, 12 Machi

Amekuja. Kwenye maktaba yangu, na mwavuli mwekundu ambao haukudondosha hata tone sakafuni, sijui aliukung'utia wapi.

"Shikamoo, dada."

Wasomaji wote waliinua vichwa. Umri ninaomzidi haufiki hata miaka miwili, na ameamua kunilipa wote hadharani. Nikaitikia marahaba, ningefanyaje.

"Nimekuja kuomba msaada wako," akasema. "Chiriku anataka nguruwe tu, na mimi kwenye vitabu vya watoto ni mgeni. Vipi vinafaa kusomewa kwa sauti? Wewe ndiye mjuzi. Halafu kuna kimoja anakitaja kila siku, cha Kibonge anayerudi kwa mama yake. Nimekiulizia dukani, wanasema Kibonge wao hakurudi."

Nikainama chini ya meza kama mtu aliyeangusha kalamu. Nilikaa huko kidogo.

Kupendekeza vitabu ndiyo kazi ninayoijua duniani. Mtu akinieleza mtoto wake kwa sentensi mbili, namtolea kitabu kitakachomlaza. Kwa hiyo nilijua barabara nilichokuwa nakifanya. Nikamtolea *Nguruwe kwa Daktari wa Meno*. Nikaenda mpaka upande wa watu wazima nikamletea *Ufugaji Bora wa Nguruwe kwa Picha*, chenye sura nzima ya magonjwa ya ngozi. Kina picha, si ndivyo alivyotaka? Juu yake nikaweka nakala ya pili ya *Kibonge wa Mwisho*.

"Kibonge ni huyu," nikamwambia. "Msome alivyo."

"Ahsante sana, dada. Sisi wa redio hatujui kusoma ila kilichoandikwa. Ukiongeza neno lako unafukuzwa."

"Ndiyo vizuri," nikasema.

*Mkia Umenyooka* na *Pua Yangu* nimevifungia kwenye droo.

Gundi alitoka nyuma akiwa na gundi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa ameitambua sauti kupitia ukuta. "Ndiye?" akaniuliza. "Ndiye," nikasema, "na ndiye mke wa baba wa mwanangu." Akanitazama, akavitazama vile vitabu vikitoka mlangoni chini ya mwavuli mwekundu. Anajua maktaba hii kuliko mkuu wetu. "Wivu ni kidonda," akaimba kidogo, "ukishiriki utakonda." Nikamwambia nimekuwa nikitaka kukonda miaka mingi.

Jumapili, 16 Machi

Leo nimecheka mpaka nikakaa chini.

Chiriku amerudi, amevua viatu, amekaa, amekunja mikono. "Mama," akasema, "Mama Mdogo hajui kusoma."

"Usiseme hivyo, mwanangu. Anasoma redioni."

"Hajui. Amesoma Kibonge vibaya. Anasema alinyonya kwa yule wa matope akalala. Nikamwambia sivyo. Akarudia, akasoma vilevile vibaya."

"Baba yako akasemaje?"

"Baba alikuwa bafuni."

Mtu anayesomea nchi nzima bei, ajali na vifo hajui kusoma, kasema mwanangu. Nimempikia anachokipenda. Nikamsomea Kibonge mara mbili, na nilipofika pale, "huyu si mama yangu," nilitaja kila neno mpaka likawa na kona.

Jumatatu, 17 Machi

Saa saba mchana nilikwenda mwenyewe chumba cha nyuma kuisikiliza taarifa. Nikaona imesomwa vizuri tu.

Jumapili, 23 Machi

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Chiriku amerudi na habari za upele wa nguruwe. Anajua minyoo. Anajua banda likijengwa bila mteremko mkojo unatuama. Nilidhani kile kitabu cha ufugaji kitawachosha wote wawili kabla ya ukurasa wa pili. Kumbe Sauti alimketisha kitandani, akakishika kama karatasi za studio, akasema, "Zifuatazo ni habari za bandani kwa ufupi." Chiriku akacheka mpaka akaomba maji.

Wiki nzima itakuwa hivi. Amesimama juu ya kiti sasa hivi ananitangazia: "Wataalamu wanashauri kukata kucha." Ameipata mpaka ile namna yake ya kushuka mwishoni mwa sentensi. Mdomo niliouzaa mimi, na sauti ya mwingine ndani yake.

Nimemwambia ashuke kwenye kiti, ataanguka. Kiti chenyewe ni kifupi.

Jumapili, 30 Machi

Chiriku ametangaza kwamba Mama Mdogo sasa anajua kusoma.

"Nani kamfundisha?"

"Mimi."

Amesema hivyo akiendelea kupaka rangi, kama jambo dogo. Nikadhani amemfundisha kuguna kama nguruwe, au kuvuta mkia. Sikuuliza zaidi. Nilidhani anayefundishwa na mwanangu ni mimi peke yangu. Tulikuwa wawili katika shughuli hiyo, mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja, na darasa lilikuwa limejaa.

Ijumaa, 4 Aprili

Mkuu wa maktaba amepata wazo, na mkuu akipata wazo sisi wengine huwa na kazi. Kamsikia Gundi akisema mtangazaji maarufu huja kwetu kuazima vitabu. Kesho yake kampigia simu redioni. Jumamosi ijayo Sauti atasoma kwenye mkeka, mahali pangu, na mimi "nitapumzika kidogo". Miaka yote hii hakuna aliyewahi kuniuliza kama nimechoka.

"Mchagulie kitabu," akaniambia mkuu. "Wewe ndiye mjuzi."

Kila anayetaka kuninyang'anya kitu huniita mjuzi kwanza.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua usiku na mchana. Baba Chiriku amepiga simu kuuliza nimefikia wapi. Nikamwambia sijafika popote, barabara imejaa maji.

Jumamosi, 12 Aprili

Nataka kuandika jambo hili kwa utaratibu.

Kitabu nilimpa kizuri. Nilifungua droo nikamtolea *Pua Yangu, Tope Lako*, na mtu asije akasema nilimnyima. Nilimnyima maarifa tu. Sikumwambia kwamba kitabu cha picha hushikwa kando ya bega, kimewatazama watoto, na wewe unasoma kwa jicho la pembeni au unakijua kwa moyo. Sikumwambia kwamba baada ya kila nusu unanyamaza na kungoja. Nilisimama karibu na rafu nikakunja mikono.

Walijaa. Mama, baba, shangazi, watu ambao hawajawahi kuingia maktaba walikuja kuona sura ya ile sauti. Sauti akaketi kitini, mgongo wima, akakifungua kitabu kikimtazama yeye, akasoma. Jamani, alisoma. Sitasema uongo humu. Watu wazima walinyamaza kama wamemwagiwa maji. Gundi alisimama mlangoni amefumba macho.

Lakini watoto hawakuona hata pua moja. Waliona jalada. Nusu ya kwanza ikasomwa, ya pili ikasomwa palepale, hakuna aliyeachiwa kumaliza. Mmoja akainuka akaenda dirishani kutazama mvua. Akafuata wa pili. Wawili wakaanza kuvutana nywele. Sauti akaona, akaongeza mwendo, na alipoongeza mwendo wakainuka wengine. Niliiona shingo yake ikilowa jasho. Nikasema moyoni, haya, soma sasa kilichoandikwa. Ilikuwa tamu. Kwa dakika ile sikutaka kitu kingine.

Ndipo Chiriku akainuka kwenye mkeka. Nilidhani anakuja kwangu. Alipita mbele ya wote, akamwambia, "Mama Mdogo, kigeuze." Akakigeuza yeye mwenyewe, akampandia mapajani. Sasa kitabu kimewatazama watoto na Sauti haoni herufi hata moja. Chiriku akamwekea mdomo sikioni akamnong'oneza mstari, kwa maana kile kitabu anakijua chote, nimemsomea mwaka mzima. Sauti akausema. "Sasa nyamaza," Chiriku akanong'ona, na hilo tulilisikia wote. Sauti akanyamaza. Watoto wakamalizia. Waliokuwa dirishani wakarudi.

Wakaenda hivyo mpaka mwisho, mmoja ananong'ona, mwingine anatoa. Pumzi zile ni zangu. Pale pa kunyamaza nilipagundua mimi, kwa kukosea mara nyingi mbele ya watoto wa watu. Zilipita kwenye mdomo wa mwanangu zikaingia kwenye sikio la yule, zikatoka nzuri kuliko nilivyowahi kuzitoa.

Watu walipiga makofi. Mkuu alitoa hotuba. Mimi nilikwenda kuosha brashi za Gundi ambazo hazikuwa chafu. Gundi alikuja akasimama karibu, hakuimba chochote.

"Ungemwambia tu akigeuze," akasema baadaye.

"Najua."

"Basi."

Jumatatu, 14 Aprili

Nina mafua.

Jumanne, 22 Aprili

Maji yamefika magotini kwenye kona ya barabara. Nilimbeba Chiriku mgongoni kumpeleka chekechea, nikateleza, tukaanguka wote wawili. Hakuumia. Alicheka, akasema sasa sisi ni wa matope. Tulirudi nyumbani, hakwenda, nami nilichelewa kazini. Jioni baba yake akapiga simu. Hakusema "nilikwambia", na kwa kutolisema nilimchukia zaidi.

Jumatano, 30 Aprili

"Mvua zinatarajiwa kupungua kuanzia mwanzoni mwa mwezi ujao." Anavyolisema "kupungua" utadhani ananipangia mimi.

Jumapili, 4 Mei

Mvua haikunyesha leo. Chiriku alirudi mapema, akala, akachukua *Kibonge wa Mwisho* akalala kifudifudi sakafuni karibu na ndoo, ambayo ilikuwa kavu. Mimi nilikuwa nakunja nguo zake. Nikamsikia anavuta.

"A-ka-nyo-nya. Akanyonya. A-ka-shi-ba." Kimya. "Akashiba. A-ka-la-la."

Nikaacha kukunja gauni.

"Mama."

"Naam."

"Hapa hapajaandikwa 'huyu si mama yangu'."

"Wapi?"

Alikuja na kitabu, akaweka kidole. Kidole kina kucha chafu, nilitaka kuzungumzia hiyo kucha. "Tazama. Imeandikwa akanyonya, akashiba, akalala. Na haya si matope. Matope hayawi duara. Ni mabaka."

Miaka yote nimengoja asome. Nilikuwa nimepanga nitakachosema siku hiyo, nitakavyomwinua juu. Nikasema, "Umesoma vizuri, mwanangu."

Akaendelea kukunja uso. Yeye haachii jambo. "Mama Mdogo alisoma hivihivi siku ya kwanza. Nikamwambia sivyo. Aliposoma tena wiki nyingine nikalia. Akaniuliza, mama husemaje? Nikamwambia. Akakitazama kitabu, halafu akasema, basi mama yako ndiye anayekijua, mimi nilikosea. Tangu siku hiyo anasoma kama wewe."

"Kama mimi vipi?"

"Kama wewe. 'Kibonge akanusa, akasema, huyu si mama yangu.' Anasema kila Ijumaa. Nikitaka tena anarudia." Akanitazama, akakitazama kitabu, akanitazama. "Kwani nyote wawili hamjui kusoma?"

Nilimwona tu yule mwanamke, ambaye kazini kwake hathubutu kubadilisha neno, ameketi kwenye kitanda cha nyumba yake mwenyewe, mwanangu kamwegemea ubavuni, anasoma kwa ile sauti maneno niliyoyatunga dhidi yake. Huyu si mama yangu. Na akiambiwa tena, anarudia. Nami huku nyumbani nacheka.

Chiriku alikuwa amesharudi kwenye ukurasa. Chini kabisa uko mstari mmoja nilioufunika kwa kidole gumba mwaka mzima. Akauvuta wote. "Ma-ma ya-ke a-ka-mwo-na ku-to-ka ng'a-mbo ya u-a, a-ka-fu-ra-hi." Aliusoma tena kwa haraka ili asikie maana. "Mama yake akamwona kutoka ng'ambo ya ua, akafurahi. Mama, alifurahi kweli?"

Nikamwambia angoje, naenda kumwaga maji ya ndoo. Nikaenda na ndoo kavu.

Jumatatu, 5 Mei

Kazi kama kawaida. Saa saba mchana nilimwomba Gundi apunguze redio. Halafu nikamwomba aiongeze.

Alhamisi, 8 Mei

Sauti alikuja kurudisha vitabu. Hakuwa na mwavuli. Nilimpeleka chumba cha nyuma, na Gundi, Mungu ambariki, akakumbuka ghafla kwamba ana njaa.

"Chiriku amejua kusoma," nikamwambia.

"Najua. Ijumaa alinisomea jina la dawa ya meno." Akakaa. "Amefika kwenye Kibonge?"

"Amefika."

Nikamuuliza swali nililolibeba tangu Jumapili. "Kwa nini hukuniumbua?"

"Kwa nani, dada? Kwa mtoto? Ningemwambia mama yako anakudanganya, halafu ningemlaza usingizi gani?"

"Ungemwambia baba yake."

"Baba yake hajui hata kama Kibonge ni nguruwe."

Nilicheka bila kupenda. Yeye hakucheka. "Usidhani ilikuwa rahisi," akasema. "Mara ya kwanza nasema huyu si mama yangu, na yeye anaitikia kwa kichwa kila neno, anahakikisha sijaruka. Nilitoka nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Kila Ijumaa nasema labda leo atachagua kingine. Wapi."

Brashi safi za Gundi zilinijia mawazoni, nikazitoa haraka.

"Na kile cha upele ulinipa makusudi," akasema.

"Ndiyo."

"Nilijua. Nikakisoma makusudi vilevile."

Hapo ndipo nilipompenda kidogo, na wivu haukupungua hata tone. Ulibadilisha mahali tu. Mwanzo nilimwonea wivu kwa sauti yake na kwa Ijumaa zake. Sasa namwonea wivu kwa hilo alilolifanya, kwa maana najua mimi nisingeliweza. Ningekisoma kilivyoandikwa, tena kwa kelele.

Jumamosi, 10 Mei

Saa mbili asubuhi, jua. Mkeka umekauka. Nimewasomea *Mkia Umenyooka*.

Jumanne, 13 Mei

Nimempigia baba yake. Nimemwambia awe anamchukua kila Jumapili jioni kuanzia wiki hii, maana muhula unaanza Jumatatu. Jumatatu mpaka Ijumaa kwao, Ijumaa jioni kwangu. Akauliza kama naumwa.

"Shule iko karibu na kwenu," nikasema. "Na paa lenu halivuji."

Nikakata simu kabla hajapata jibu.

Jumapili, 18 Mei

Leo ndiyo mara ya kwanza. Sauti alikuja mwenyewe kumchukua. Chiriku alikuwa uani akiliaga kila jiwe, kwa hiyo tulipata nafasi. Nilikuwa nimevipanga vitabu mezani, vile vya kwenye droo na vingine ambavyo sijawahi kumwazima mtu, na nilimpendekezea kimoja kimoja kama msomaji yeyote aliyekuja kwenye meza yangu kunieleza mtoto wake.

*Mkia Umenyooka*, nikamwambia, ni cha siku aliyogombana na wenzake. Vuta mkia kwa kidole mpaka umguse pua. Usiuvute haraka, anataka kuogopa kidogo kwanza. *Ndoo ya Shangazi Nguruwe* ni cha siku anayosema hana usingizi. Kishike mbali na taa na ushushe sauti yako kila ukurasa. Sauti unayo, ishushe tu, ukifika mwisho uwe unanong'ona tu. Hataki kuulizwa maswali ya kitabu akiwa na homa. *Pua Yangu* unakijua, amekufundisha. *Daktari wa Meno* hakifai, na hakikufaa tangu siku ile, nisamehe. Cha upele kichukue tena, endeleeni nacho, hicho ni chenu.

Alikuwa anasikiliza mikono magotini. Hakuandika, lakini nilijua anashika kila neno, ndiyo kazi yake. Nilitamani asahau moja au mawili.

Kibonge nilimpa mwisho. Nilikishika kidogo kabla ya kukiachia.

"Hiki kisome kilivyoandikwa," nikasema. "Chote, mpaka mstari wa chini. Sasa anafuata kwa kidole, humwezi. Na akikuuliza kama yule mama alifurahi kweli, wewe usijibu. Mwambie anitunzie mpaka Ijumaa, nitamjibu mwenyewe."